Msaidie Pale Nguvu Inapokwisha

Swali huanzia kwenye simu. Kijana anamleta baba yake kliniki kwa bodaboda, mzee kabanwa katikati asianguke, mkono wa kulia umening'inizwa shingoni kwa leso. Kabla sijamaliza kuandika jina, kijana ananisogezea video. Mgonjwa wa ng'ambo amevishwa kiunzi cha chuma na plastiki kuanzia begani hadi vidoleni. Mota zinavuma kidogo, na mkono uliokuwa umelala mapajani unainuka, unashika kikombe, unakifikisha mdomoni. "Daktari, hii haiwezi kuletwa Garsen?"

Mimi si daktari, ingawa wengi huniita hivyo na nimechoka kuwakatalia. Ni mtaalamu wa tiba ya kazi. Nilizaliwa kijiji cha kando ya Mto Tana, upande wa Ngao, nikasomea chuo cha tiba cha KMTC, nikarudi kwetu. Kazi yangu ni kuwarudishia watu mambo madogo ya kila siku yaliyochukuliwa na ugonjwa: kufunga kifungo, kushika mwiko, kutawadha, kusuka ukili. Swali la kijana yule ni la haki. Mashine zile ni za kweli, na wagonjwa kwa mamia wamezijaribu. Tena ndani yake mna jambo moja ambalo nyumba nyingi za Tana Delta zinalihitaji leo hii, hata kama mashine yenyewe haitavuka daraja la Garsen katika maisha yangu.

Tuanze na kilichopotea. Kiharusi humpata mtu pale damu inaposhindwa kufika sehemu fulani ya ubongo, ama kwa mshipa kuziba, ama kwa mshipa kupasuka. Sehemu iliyokosa damu huanza kufa kwa dakika. Nyuzi zinazobeba amri za ubongo kwenda mikononi na miguuni huvuka upande zikifika chini ya ubongo, kabla ya kuingia uti wa mgongo, ndiyo maana kiharusi cha upande wa kushoto wa kichwa huangusha mkono wa kulia. Mkono wenyewe hauna kidonda. Misuli ipo, mifupa ipo, neva zinazotoka shingoni ni nzima. Kilichokatika ni amri.

Wengi hapa bado husema mtu kapigwa na upepo, na wiki za mwanzo, zilizo bora kuliko zote, huishia kwa waganga. Siwacheki. Mtu aliyelala mzima akaamka nusu ya mwili haimtii atatafuta maelezo popote yanapopatikana. Ila chanzo kikubwa kinajulikana: shinikizo la damu lililokaa miaka bila kutibiwa, bila kuuma popote. Na wanaopooza si wazee peke yao. Pwani yetu ina selimundu, na mtoto mwenye selimundu anaweza kupata kiharusi kabla hajaanza shule. Ina malaria inayopanda kichwani, ambayo watafiti wa taasisi ya KEMRI pale Kilifi wamekuwa wakiichunguza tangu kituo chao kilipoanza mwaka 1989. Baadhi ya watoto wanaopona hubaki na upande mmoja dhaifu. Kuna waliozaliwa na mtindio wa ubongo. Kuna vijana wa bodaboda walioumia kichwa barabarani.

Mkono wa kulia ukilala, kwetu kinachoanguka ni zaidi ya kazi. Mkono huo ndio wa kulia chakula, wa kusalimia, wa kupokea. Nimekutana na wazee walioacha kwenda harusini. Kutembea wanaweza, wanachokwepa ni aibu ya kula kwa kushoto penye sinia la watu wote. Mama wa Kipokomo hatwangi mpunga kwa mkono mmoja wala hapepeti kwa ungo. Mama wa Kiorma hakamui. Mvuvi hatupi wavu. Anayeniuliza kwa nini nahangaika na vidole vya mtu ambaye miguu yake imesharudi, naomba aishi siku moja tu mkono wake mkuu ukiwa umefungwa mgongoni.

Sasa tuje kwenye mashine. Watu huchanganya vitu viwili, mkono wa bandia na kiunzi cha kuvaa, na ni vizuri kuvitenganisha mapema. Mto wetu una mamba, na vijijini kuna watu ambao mkono wao ulibaki majini. Mtu huyo anahitaji mkono wa bandia, kitu cha kuziba pengo. Hapa Kenya tumewaona David Gathu na Moses Kiuna, vijana wa mji wa Kikuyu, Kaunti ya Kiambu, waliojifundisha wenyewe na kuunda mkono wa roboti kwa mbao na takataka za elektroniki, mkono unaofuata ishara za ubongo zinazonaswa na kifaa kinachovaliwa kichwani. Habari zao zilifika mbali, na zilistahili kufika.

Kiunzi cha kuvaa ni shauri lingine. Aliyekivaa mkono anao. Una uzito wake, misuli iliyokakamaa, maumivu ya bega, na bado una amri chache dhaifu zinazofika kutoka kichwani. Kwa hiyo mkono mmoja unaongozwa na wawili kwa wakati mmoja, mtu na mota. Nani aamue, lini, na kwa nguvu kiasi gani? Swali hilo limewaweka wahandisi macho kwa zaidi ya miaka 30.

Roboti za viwandani zilizaliwa na tabia ya kulazimisha. Ukiiagiza ifike mahali, itafika, na kilicho njiani kitavunjika. Tabia hiyo haifai karibu na bega la bibi wa miaka 70. Mwaka 1985 Neville Hogan, mhandisi wa chuo cha MIT huko Marekani, alieleza namna ya kuifanya mashine itawale pia ulaini wake, yaani kiasi inachokubali kusukumwa inapokutana na nguvu nyingine. Kuanzia mwaka 1989 yeye na Hermano Igo Krebs walijenga MIT-Manus, roboti ya mezani ambayo mgonjwa hushika mpini wake na kuusogeza kufuata alama kwenye kioo cha kompyuta. Wagonjwa wa kiharusi waliitumia katika hospitali ya Burke, jimbo la New York, katika miaka ya 1990. Baadaye kule Zurich, Uswisi, Robert Riener na Tobias Nef wakaunda ARMin, ambayo ni kiunzi hasa, chenye kukumbatia mkono wote. Mashine inayouzwa leo kwa jina la ArmeoPower imetokana nayo.

Kukumbatia mkono wote si kazi nyepesi. Ukiacha vidole, mkono wa binadamu unajipinda kwa namna 7: begani 3, kiwikoni 1, kigasha kinapojigeuza 1, na kwenye kifundo 2. Jacob Rosen na wenzake huko Marekani walitengeneza kiunzi chenye viungo vyote 7. Lakini hata ukivipata vyote, bega litakusumbua. Inua mkono wako sasa hivi polepole, huku mkono mwingine umeshika mfupa bapa ulio nyuma ya bega. Umeusikia unavyoteleza? Kitovu cha bega hakikai mahali pamoja. Mashine ambayo kitovu chake hakihami pamoja na cha mtu itavuta kiungo kisipotaka kwenda, na bega la mtu aliyepooza limelegea, ni rahisi kutoka mahali pake. Bega hilo hilo nimelikuta limeumizwa na ndugu waliomnyanyua mgonjwa kwa kumshika kwapa. Mashine mbovu na ndugu wenye haraka huumiza palepale.

Tuseme kiunzi kimekaa sawa. Kitajuaje mtu anataka nini? Zipo njia tatu kuu, na zinatofautiana kwa umbali kati ya mashine na nia ya mtu.

Ya kwanza ni kusikiliza mkono wenyewe. Vihisio vilivyo kwenye viungo vya mashine hupima msukumo. Mgonjwa akisukuma hata kidogo kuelekea mbele, mota inaongeza. Pamoja na hilo mashine huweza kubeba uzito wa mkono, maana wagonjwa wengi wana nguvu fulani, ila zote zinamalizikia kwenye kuubeba mkono usidondoke. Ukiondolewa uzito, kiwiko kinanyooka. Njia hii ni imara na haina mambo mengi, lakini haimfai ambaye hana msukumo wowote.

Ya pili ni kusikiliza misuli. Msuli unapoamriwa hutoa umeme mdogo, milivolti chache au pungufu yake, na elektrodi zilizobandikwa juu ya ngozi huweza kuunasa. Hapa pana jambo ambalo kila nikilifikiria hunipa moyo: mkono usiosogea kabisa machoni pa watu unaweza bado kutoa umeme huo. Mgonjwa anajaribu kukunja kiwiko, nyumba nzima inaona hakuna kitu, lakini chini ya ngozi amri imefika, dhaifu mno kuusogeza mfupa. Kifaa kiitwacho MyoPro, kilichotokana na utafiti wa MIT, hufanya hivyo: hunasa umeme wa misuli ya mkono na kigasha, kisha mota zake zinakamilisha mwendo ambao mtu ameuanza. Asipouanza, kifaa kimetulia.

Ugumu wake ni kwamba kiharusi huvuruga amri. Mgonjwa anataka kuinua bega tu, kumbe kiwiko nacho kinajikunja na vidole vinafumba ngumi. Misuli ya kukunja na ya kukunjua inavutana kwa pamoja. Programu ya kompyuta inayosoma umeme huo lazima ijifunze mchanganyiko wa mtu mmoja mmoja, tena kila siku upya, kwa sababu elektrodi ikisogea kidogo tu ishara hubadilika. Na jasho! Jasho hubadilisha umeme unavyopita kwenye ngozi na kuzibandua elektrodi. Anayejua joto la Garsen mwezi wa Februari, saa nane mchana, anajua hilo si jambo la kupuuza.

Ya tatu ni kusikiliza ubongo. Mjerumani Hans Berger alinasa mawimbi ya ubongo wa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924, akitumia elektrodi zilizowekwa kichwani. Mawimbi hayo ni hafifu kuliko ya misuli, yanapimwa kwa mikrovolti, yaani sehemu za milioni ya volti, na yanapita kwenye fuvu na ngozi kabla ya kunaswa. Kukonyeza jicho kunatosha kuyachafua. Hata hivyo mwaka 2021 mamlaka ya dawa na vifaa ya Marekani iliruhusu kifaa kiitwacho IpsiHand kwa watu waliopata kiharusi. Mgonjwa huvaa kofia yenye elektrodi, anafikiria kuufungua mkono, na kiunzi kidogo kilichovishwa vidoleni kinaufungua. Waliokibuni walitumia ishara za upande wa ubongo ambao haukuumia, upande ambao kwa kawaida hausimamii mkono huo, wakaufundisha kazi. Wapenzi wa kandanda huenda wanakumbuka ufunguzi wa Kombe la Dunia mjini São Paulo mwaka 2014, Juliano Pinto, aliyepooza kuanzia kifuani kwenda chini, alipougusa mpira kwa mguu akiwa amevaa kiunzi kilichoundwa na kundi la Miguel Nicolelis. Kile kilikuwa cha miguu, lakini ishara ilitoka kichwani vivyo hivyo.

Hadi hapa msomaji anaweza kudhani kwamba mashine bora ni ile yenye nguvu zaidi na masikio makali zaidi. Nilidhani hivyo pia wanafunzi wenzangu walipokuwa wakizungumzia roboti chuoni. Kumbe kitu kilichowafundisha wahandisi zaidi ni kasoro ya kusaidia mno.

Kundi la David Reinkensmeyer, Chuo Kikuu cha California kilichoko Irvine, lilikuwa na kiunzi cha mkono kinachoendeshwa kwa hewa. Waligundua kwamba mota ikiwa tayari kubeba, mgonjwa huacha kujitahidi. Mkono unapita njia iliyonyooka, kioo kinaonyesha alama nzuri, mgonjwa anatabasamu, na misuli yake imelala. Jambo hili halina uhusiano na uvivu. Mwili wa mtu yeyote hupunguza nguvu pale unapoona hazihitajiki. Mtoto wa Tana anayefundishwa kupiga kasia analijua: baba aliyekaa nyuma akikaza sana, mtumbwi unafika ng'ambo na mtoto hajajifunza chochote.

Dawa yao, waliyoichapisha mwaka 2008 wakiongozwa na Eric Wolbrecht, ilikuwa kuipa mashine uwezo wa kusahau. Programu hujifunza mgonjwa anahitaji msaada kiasi gani mahali fulani, mathalani mkono unapofika usawa wa kidevu. Lakini wakati wote huo huo inaendelea kupunguza msaada wake kidogo kidogo. Mgonjwa akishindwa, mkono ukaanza kushuka, msaada unapanda tena. Akiweza, msaada unazidi kushuka. Hivyo mtu anawekwa daima pale nguvu zake zinapokaribia kuisha, mahali pagumu lakini pasipomvunja moyo. Mashine inasubiri kwanza. Inamwacha ahangaike. Inaingia akishakwama, na inatoka tena.

Niliposoma hayo niliona nyumba zetu. Mgonjwa akirudi kutoka hospitali, mapenzi yote ya ukoo humshukia. Binti anamlisha. Mke anamvisha kanzu. Wajukuu wanamletea maji, wanamshikia bilauri, wanamfuta mdomo. Anayemwacha baba yake ahangaike na kifungo cha shati kwa dakika kumi ataitwa hana huruma na mashangazi watamkemea. Ninaelewa kabisa, maana hata mimi kwetu ningekemewa. Lakini mkono ule, ambao labda ulikuwa na amri hafifu zinazofika, haupati hata nafasi moja kwa siku ya kujaribu. Ubongo una uwezo wa kupanga upya kazi zake. Sehemu iliyo jirani na iliyokufa hujifunza kusimamia vidole, ila hufanya hivyo kwa kutumika. Randolph Nudo na wenzake walilionyesha mwaka 1996 kwa nyani walioumia sehemu ndogo ya ubongo: waliofanyishwa mazoezi ya vidole walihifadhi eneo la mkono lililobaki, na wasiofanyishwa waliendelea kulipoteza.

Basi ni kujaribu mara ngapi? Hapa ndipo hesabu ilipowaaibisha wataalamu wa nchi tajiri, na mimi naichukua kama onyo kwangu pia. Mwaka 2009 Catherine Lang na wenzake walihesabu kinachofanyika katika vipindi vya tiba baada ya kiharusi. Wastani wa miendo ya mkono yenye kazi maalumu ulikuwa 32 kwa kipindi. Roboti inamfanyisha mtu zaidi ya 1,000. Nguvu yake kuu ndiyo hiyo: haichoki, haisemi foleni ni ndefu nje, na inapima kila mwendo.

Na je, roboti humponya mtu kuliko binadamu? Mwaka 2010 Albert Lo na wenzake walitoa matokeo ya jaribio la wanajeshi wastaafu 127 wa Marekani. Kundi moja lilifanya mazoezi na roboti, la pili likapewa mtaalamu aliyehakikisha miendo mingi karibu sawa na ya roboti, la tatu likaendelea na huduma ya kawaida. Roboti na mtaalamu mwenye bidii walitoka sare. Kisha likaja jaribio kubwa la Uingereza liitwalo RATULS, watu 770, lililochapishwa mwaka 2019: mazoezi ya roboti mara tatu kwa wiki kwa wiki 12 hayakuboresha matumizi ya mkono katika maisha ya kila siku kuliko huduma ya kawaida ya huko. Nguvu kidogo iliongezeka, lakini kifungo kilibaki kigumu, maana kusogeza mpini juu ya meza si kufunga kifungo.

Kwa hiyo kijana mwenye simu namjibu hivi. Mashine ni nzuri na ingenisaidia, hasa kwa wale ambao mkono wao hauna mwendo wowote unaoonekana. Ningeipokea kesho. Lakini sitamwambia baba yako asubiri. Mashine hizo zinagharimu mamilioni ya shilingi. Zinataka stima isiyokatika, chumba kisicho na vumbi, fundi anayeweza kufika. Mafuriko ya mwisho wa 2023 na yale ya Aprili na Mei 2024 yaliikata barabara ya kwenda Lamu hata unga ukachelewa. Mota ya akiba ingefika lini? Wapo wanaofikiria watu kama sisi. Michelle Johnson wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania amefanya kazi na Botswana kuhusu roboti za bei nafuu, zenye lengo la kumwezesha mtaalamu mmoja kusimamia wagonjwa kadhaa kwa pamoja. Ningependa sana chuo kimoja cha Kenya kiwaweke pamoja vijana kama wale wa Kikuyu na watu wa kazi yangu, wajenge kiunzi chepesi cha kiwiko na vidole kinachovumilia jasho la Pwani. Akili hiyo tunayo nchini.

Wakati tunangoja, kanuni ya mashine inaweza kutumika bila mashine, na nimeiona ikifanya kazi. Kuna bibi mmoja wa upande wa Idsowe ambaye mjukuu wake, msichana wa shule ya msingi, alielewa upesi kuliko wanaume wote wa nyumba ile. Nilimfundisha kuweka kiganja chake chini ya kiwiko cha bibi, bila kukisukuma. Bibi anajaribu kufikisha punje za mpunga kutoka sinia moja hadi jingine. Mkono ukianza kushuka, msichana anaubeba, kidogo tu. Ukipanda, anaondoa kiganja. Anahesabu kwa sauti. Bibi hukasirika, kisha hucheka, kisha huendelea. Hakuwa na mwendo wa vidole mwezi wa kwanza. Leo anashika ukili kwa mkono ule mbovu na kusuka kwa mzima, na mkeka wa kwanza haukuwa mzuri lakini uliuzwa.

Ipo pia tiba ambayo Edward Taub wa Alabama aliianzisha: mkono mzima unafungwa glavu nene ili ule mbovu ulazimike kufanya kazi. Jaribio lililochapishwa mwaka 2006 kwa watu 222, waliopata kiharusi miezi 3 hadi 9 nyuma, lilionyesha kwamba wiki 2 za kufunga mkono mzima saa nyingi za mchana, pamoja na mazoezi makali, ziliboresha mkono mbovu kuliko huduma ya kawaida, na faida hiyo ilionekana hata baada ya mwaka. Glavu haihitaji stima. Ila si ya kila mtu. Mgonjwa lazima awe na uwezo wa kukunjua kifundo na vidole japo kidogo, na asiwe mtu wa kuanguka anguka, kwa sababu mkono uliofungwa hauwezi kumdaka. Usiifanye kwa kusikia redioni; uliza kwanza hospitalini.

Mambo mengine nayasema kila siku na sitaacha. Usimvute mgonjwa kwa mkono uliopooza. Usimkande kwa mafuta ya moto mahali asipohisi. Mpime shinikizo la damu na umpe dawa kila siku, hata akijihisi mzima, kwani kiharusi cha pili hufuta kazi yote ya mwaka. Uso ukipinda ghafla, mkono ukilegea, maneno yakikokoteka, usingoje asubuhi wala mzee wa kijiji: tafuta gari.

Kwa Kaunti ya Tana River nina ombi moja, nalo ni watu. Kaunti yetu ni kubwa mno kuliko idadi ya wataalamu wa tiba ya kazi na wa viungo inaowalipa. Aliyeko Hola hawezi kumfikia mgonjwa wa Kipini, na mgonjwa wa Kipini hana nauli ya kila wiki. Bunge lilipitisha Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu, nayo ikatiwa saini Mei 2025. Sheria bila mtu wa kumshika mgonjwa kiwiko haimnyooshi kidole. Ajirini vijana waliohitimu KMTC ambao wamekaa nyumbani, wapeni pikipiki, wafundisheni wahudumu wa afya wa vijiji kanuni hii ya kusaidia na kuachia. Gharama ya kiunzi kimoja cha ng'ambo ingelipa mishahara ya wengi wao.

Na wewe uliye na mgonjwa wa namna hii kati ya Kipini na Hola, awe mzee au mtoto, amepooza jana au miaka mitatu iliyopita, mlete kituo cha afya kilicho karibu nawe na uulize habari za mazoezi ya mkono. Njoo na yule wa nyumbani atakayekaa naye kila siku, kwa sababu mafunzo ni yake zaidi kuliko ya mgonjwa.